Safari ya kwanza ya milimani: aliye mwepesi wa kuchoka ndiye apangiwe siku

"Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Dar es Salaam. Mimi nina miaka 41, mume wangu 49 na anatumia dawa za presha. Watoto ni wa miaka 14 na 9, na huyu mdogo ana pumu. Mama mkwe ana miaka 67, magoti yanamsumbua, lakini amekataa katakata kuachwa nyumbani. Likizo ya mwezi wa sita tunataka siku tano za kutembea milimani, na hatujawahi kufanya kitu kama hicho. Shemeji anasema twende Kilimanjaro, tupande siku moja hadi Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, halafu tushuke. Mimi nilifikiria Lushoto. Naogopa baridi, naogopa mtoto kuishiwa pumzi, na nimeambiwa lazima tununue viatu maalumu na fimbo za bei mbaya. Tunaweza, au tunajidanganya?"

Mnaweza, dada yangu. Nimeongoza watu kwenye milima ya Usambara kwa miaka mingi, na familia iliyochanganyika kama yenu, ya bibi, mtoto na baba mwenye presha, nimeiona ikirudi nyumbani na furaha mara nyingi kuliko vijana wanne wa chuo wenye nguvu zote. Vijana wale hupanga siku kwa kumtazama aliye mwepesi zaidi. Familia humtazama bibi.

Nikisoma swali lako naona hofu moja chini ya hizo tatu: kwamba mtu mmoja atashindwa katikati ya njia na likizo ya wote itaharibika hapo. Ni hofu ya haki. Lakini mara nyingi mtu huyo hashindwi na mlima. Anashindwa na mpango uliotengenezwa bila yeye, siku ndefu mno, mwendo wa haraka mno, na hakuna aliyeweka saa ya kugeuka. Hayo yote yako mikononi mwenu kabla hamjatoka Dar.

Nianze na shauri la shemeji, maana si shauri la kipuuzi. Njia ya kutoka lango la Marangu hadi Mandara ni nzuri sana, imetengenezwa vizuri na inapita ndani ya msitu. Tatizo ni vipimo vyake. Lango liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Mandara iko mita 2,720. Ni kilomita kama nane kupanda, na nane zilezile kushuka siku hiyohiyo. Mtu mzima asiyezoea atatumia siku nzima. Mtoto wa miaka tisa ataipenda kwa saa tatu za kwanza tu. Halafu kuna jambo la hewa. Maradhi ya mwinuko, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi kwa sababu ya oksijeni kupungua, kwa kawaida huanza kuwasumbua watu kuanzia kama mita 2,500. Wengi hufika Mandara na kurudi bila shida yoyote, lakini kwa safari ya kwanza sioni sababu ya kuongeza swali hilo juu ya mengine mliyonayo. Wekeni Marangu kwenye mwaka ujao.

Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, na njia nitakazokutajia haziendi juu sana kutoka hapo. Maradhi ya mwinuko ondoa kichwani kabisa. Faida kubwa zaidi ya Lushoto ni kwamba kila njia ina mlango wa kutokea. Mnapita vijijini, katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na kabichi, na karibu kila baada ya nusu saa mnakutana na barabara yenye bodaboda au kibanda cha chai. Mtu akichoka, anapanda pikipiki anatangulia. Kilimanjaro akichoka katikati ya msitu, ni miguu yake au machela.

Sasa baridi. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi sita, kwa hiyo siku ambayo Dar ni nyuzi 29, Lushoto mchana itakuwa kama 20 na kitu, hali ya hewa ambayo mtu akitembea anaiona tamu. Usiku wa Juni na Julai ndio huuma: hukaribia nyuzi 10, na asubuhi ukungu unalala bondeni hadi saa tatu. Baridi hiyo ya usiku ni kazi ya blanketi na sweta. Baridi inayowapata watu njiani ina asili nyingine kabisa, nayo ni jasho. Mtu anaanza kupanda amevaa sweta zito, ndani ya dakika ishirini fulana imelowa chapachapa, anafika ukingoni penye upepo, anakaa kupumzika, na hapo anaanza kutetemeka. Maji huondoa joto mwilini mara zipatazo 25 kuliko hewa kavu, na kitambaa cha pamba hushika maji hayo kama sponji. Ndiyo maana suruali ya jinzi ni vazi baya la mlimani kuliko kaptura. Kwa hiyo anzeni kutembea mkihisi baridi kidogo, sweta likiwa begani. Vaeni zile jezi za michezo zinazokauka haraka, mitumba imejaa tele. Kila mmoja awe na fulana moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, abadilishe mara tu mnapofika pa kupumzika. Watoto wabadilisheni hata kama wanabisha. Na beba kanga mbili. Kanga ni taulo, ni kivuli, ni shuka la kukalia, na ni pazia la kuchimbia dawa pale ambapo choo hakipo.

Kuhusu pumzi, watu wengi huamini kwamba kuhema sana maana yake huna mazoezi. Mara nyingi maana yake ni kwamba unakwenda haraka kuliko mlima unavyoruhusu. Mwili ukipanda kwa mwendo wa wastani huunguza mafuta na sukari pamoja, na mafuta tunayo ya kutosha siku nzima. Ukiongeza kasi, misuli inategemea zaidi sukari iliyohifadhiwa, nayo ni akiba ndogo. Ikianza kuisha, miguu inakuwa mizito na mtu anakuwa mkali kwa wenzake. Kipimo ni rahisi na hakihitaji saa ya kupima mapigo: mtu aweze kusema sentensi nzima bila kukata. Mwambie mtoto asimulie mechi au somo alipendalo. Akianza kusema maneno mawili mawili, mwendo umezidi.

Kuna kosa moja nimeliona mara nyingi sana. Wenye nguvu wanatangulia, wanakaa kwenye jiwe, wanakula karanga, wanapiga picha. Aliye nyuma anafika anahema, nao wanasimama palepale, "Haya, twende!" Wao wamepumzika dakika kumi, yeye hata moja. Likirudiwa mara tano, mtu huyo saa sita mchana amekwisha, na wote wanasema hana mazoezi. Kwenu mpangilio uwe huu: mdogo wa miaka tisa mbele kabisa, pamoja na mtu mzima mmoja, yeye ndiye aamue mwendo. Huyu wa miaka 14 mpe kazi ya kufunga msafara nyuma, mwambie ndiye mlinzi wa kundi. Mapumziko yahesabiwe tangu wa mwisho anapokaa.

Na chakula kisingoje njaa. Kuleni kitu kidogo kila saa moja: yai la kuchemsha, kiazi, karanga, ndizi, maandazi. Mtu mzima abebe lita moja na nusu ya maji hadi mbili, mtoto lita moja. Msinywe maji ya kijito hata yakiwa meupe namna gani, juu yake kuna vijiji na mifugo.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, nalo ni kwamba kupanda kunachosha mapafu, lakini kushuka ndiko kunakoumiza miguu. Unaposhuka, msuli mkubwa wa mbele ya paja unafanya kazi ya breki: unakaza huku unavutwa kurefuka. Kazi ya namna hiyo huchanachana nyuzi ndogondogo za msuli, na maumivu yake hayaji siku ileile. Huja kesho yake, hukolea siku ya pili na wakati mwingine ya tatu. Ndiyo maana mtu anasema jioni, "Mbona rahisi!" halafu kesho kutwa anashuka ngazi kinyumenyume akishika ukuta. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi. Ukiushughulisha kidogo na kazi ya kushuka, unakuwa na kinga kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mazoezi yenu Dar yawe ya ngazi. Tafuteni jengo la ghorofa tano au sita, pandeni hata kwa lifti kama mama mkwe amechoka, lakini shukeni kwa miguu, polepole, mkikanyaga kila ngazi bila kuruka. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne au tano, inatosha kabisa.

Viatu. Hapa naomba unisikilize kabla hujatoa hela. Kwa njia za Lushoto wakati wa kiangazi, raba nzuri yenye meno chini inatosha. Udongo wetu ni mwekundu na wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni, kwa hiyo unachotaka ni meno ya soli na kisigino kisichotikisika. Kiwe kimevaliwa angalau mara kumi, na mbele kibaki na nafasi ya kidole gumba, maana wakati wa kushuka mguu husogea mbele na kucha ndizo hulipa.

Jihadhari na kiatu kizuri cha zamani. Niliwahi kumwongoza baba mmoja aliyekuja na buti za mlimani za ghali sana, alizonunua miaka minane nyuma na kuzihifadhi kwenye boksi. Nje zilikuwa zinang'aa. Saa moja baada ya kuanza, soli ya kulia ikaachia kwa mbele, ikawa inafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki kila akikanyaga. Dakika ishirini baadaye ya kushoto nayo ikamfuata. Povu lililo kati ya soli na ngozi huoza lenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa, na kukaa bila kutumika ndiko kunakolimaliza zaidi. Tulimfunga soli zote mbili kwa kamba ya katani tuliyoipata shambani, akarudi mjini akitembea kama bata. Kwa hiyo, ukinunua mtumba, kikunje kiatu kwa nguvu kama unavyokamua nguo, chunguza pale soli inapokutana na ngozi, bonyeza povu kwa ukucha. Likimeguka au ukiona nyufa nyembamba, kiache hapohapo hata kama jina lake ni kubwa.

Siku tano zenu ningezipanga hivi. Siku ya kwanza ni ya barabara tu. Basi la asubuhi kutoka Dar hutumia saa saba au nane. Kuanzia Mombo barabara inapanda kilomita 30 na ushee za kona tupu, na watoto wengi hutapika hapo. Mombo wale kidogo, wakae viti vya mbele, watazame mbali nje ya kioo na simu ziwekwe. Tangawizi mbichi ya kutafuna husaidia wengi. Jioni msipange chochote.

Siku ya pili nendeni Irente. Kutoka mjini ni kama kilomita tano au sita, njia inapanda polepole kupitia mashamba na miti, na kwa mwendo wa mtoto ni saa mbili na nusu pamoja na kusimama. Mwisho wa njia ardhi inakatika. Chini yako kabisa, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, barabara kuu yenye malori madogo kama punje za mchele, mashamba ya mkonge yaliyonyooshwa kwa rula, na nyuma yake nyika ya Wamasai hadi macho yanapochoka. Mama mkwe asitembee, apande gari hadi karibu na ukingo awasubiri juu. Naomba msisitizo mmoja: ule ni mwamba wazi. Mtoto ashikwe mkono, si kuonywa kwa mdomo, na picha zipigwe mkiwa mmekaa. Kurudi, wote pandeni gari. Paja halina haja ya kushuka siku ya kwanza ya kutembea.

Siku ya tatu iacheni tupu. Najua inauma kuacha siku nzima katika tano, na hapa ndipo watu hubishana nami, lakini ndiyo siku inayookoa ya nne. Zungukeni sokoni, mle plamu na pea kama zipo, mlale mchana.

Siku ya nne ni msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Humo mtaingia na mwongozaji na mtalipa kiingilio kwa utaratibu wa serikali, mkipewa namba ya malipo na risiti. Ukiombwa pesa mkononi bila risiti, kataa kwa adabu. Ombeni mzunguko mfupi, wa saa tatu au nne. Ingieni mmechomeka suruali ndani ya soksi, siafu wapo. Ukisikia matawi yanapasuka juu, simameni kimya: ni mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, na wakiruka manyoya yale hufunguka kama shuka. Anzeni saa mbili na nusu asubuhi na wekeni saa ya kugeuka kabla ya kutoka, tuseme saa sita kamili. Ikifika, mnageuka hata kama mwisho wa njia uko pale mbele. Kwetu giza huingia saa moja kasoro na halipigi hodi, na ukungu wa mchana unaweza kufunga njia mapema zaidi. Siku ya tano ni ya kurudi.

Kwa mama, fimbo ni muhimu, ila haihitaji kuwa ya dukani. Ya mti mkavu, iliyonyooka, inayofika kwenye mfupa wa nyonga, inafaa. Watu wengi hushika fimbo upande wa goti linalouma, na hilo ni kosa. Ishikwe mkono wa upande mwingine, itangulie pamoja na mguu mbovu, ndipo inapolipunguzia goti mzigo. Kama yote mawili yanauma, ashike mbili. Kushuka kwenye mteremko mkali mwachieni gari. Goti likivimba, likiwa la moto, au likimkatalia kukunja kabla ya safari, hilo aende alione daktari, lisisubiri likizo.

Na sasa yale ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyaamua. Mume wako amwone daktari wake wiki tatu kabla, asisubiri siku moja kabla, ili kama dawa itabadilishwa mwili upate muda wa kuizoea. Baadhi ya dawa za presha huondoa maji mwilini kwa mkojo, na akitembea juani bila kunywa anaweza kuona kizunguzungu. Nyingine hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo kujipima kwa mapigo hakumfai, atumie kile kipimo cha sentensi. Asiache dawa kwa kuogopa kukojoa njiani. Akihisi kifua kubana, au maumivu yanayoelekea mkononi au tayani, safari imeishia hapo, hospitali.

Mtoto: hewa ya baridi ikivutwa haraka hukausha njia za hewa, na misuli inayozizunguka hujibana. Ndiyo maana aanze taratibu dakika kumi na tano za kwanza, na asubuhi avute hewa kupitia kitambaa chepesi puani. Kabla ya kulipa nauli jiulize: je, wiki hizi anatumia dawa yake ya kuvuta ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamka usiku akikohoa? Kama ndiyo, pumu yake haijatulia, na daktari amwone kwanza. Dawa hiyo ikae mfukoni mwa mtu anayetembea naye, isiwe kwenye begi lililotangulia na bodaboda. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani, au dawa isipomtuliza, msingoje kuona. Hospitali ya wilaya iko mjini Lushoto. Daktari wake akikwambia baridi ndiyo adui mkubwa wa mtoto huyu, badilisheni uelekeo mwende Amani, Usambara Mashariki, kwa kupitia Muheza. Kule ni chini zaidi na kuna joto, msitu ni wa ajabu, ila barabara ni mbovu na huduma ni chache kuliko Lushoto, kwa hiyo mtatembea mkijua hivyo.

Vyandarua ombeni hata Lushoto. Mbu ni wachache juu huko, lakini wapo.

Kabla ya yote hayo, wiki tatu kabla ya safari, chukueni Jumamosi moja mwende Pugu, kwenye msitu ule wa upande wa Kisarawe. Vaeni viatu mtakavyovaa Lushoto, bebeni maji na mayai, mtoto mbele, mama na fimbo yake kwenye sehemu tambarare, mtembee saa tatu na kupumzika kwenu kote ndani yake. Siku hiyo msiamue kitu. Ngojeni Jumatatu asubuhi, muulize kila mmoja anaamkaje: kucha, malengelenge, mapaja, kifua cha mtoto, goti la mama. Mkitoka hapo na maumivu ya kawaida ya miguu tu, kateni tiketi.